Ruiru Si Mbali

Mwiki, Ruiru

Kwa Mama mpendwa,

Mulembe, Mama. Mguu umepoa? Na zile dawa za presha unameza, ama zimekaa tu kwa kabati? Sisi huku tuko salama, Mungu ametutunza mwaka mzima. Mtoto ameota meno mawili na anauma kila kitu, hata bega la baba yake. Tukimwita kwa hilo jina lako anageuka kwa maringo, mpaka tunacheka.

Nimeandika kwa sababu nikipiga simu na kutaja Ruiru, unakata. Binamu Wekesa anakuja huko kesho kutwa, nimemwambia akupe barua hii mkononi na asitoke hapo mpaka uimalize.

Ni juu ya ule wimbo wa Krismasi ambao marehemu Baba aliimba. Najua, Mama. Nivumilie kidogo.

Desemba ikianza, huku unapigwa kila mahali. Kwa kinyozi, sokoni, hata kanisani vijana wamebadilisha maneno wakaufanya wa Yesu. Harusi ya Ruiru bila huo wimbo watu wanaona haijaisha, na kila bibi harusi anaamini ni yeye aliimbiwa. Pale kiwandani Thika ninakoshona mashati sijawahi kumwambia mtu kwamba hiyo sauti ni ya babangu. Wewe ulikuwa ukiuzima redioni kila ukianza, nami nikakua nikiuonea haya.

Sasa juzi, tukiwa kwa mashine, mwenzangu Wanjiku akauweka kwa simu. Ikafika pale Baba anapoimba, "Krismasi niko Thika bila wewe, Ruiru ni mbali, siku nzima njiani, machozi hayakauki." Wanjiku akaangua kicheko. "Ai! Kwani huyu mzee alikuwa anatembea kwa magoti? Kutoka Thika mpaka Ruiru hata chai haipoi!"

Wote wakacheka. Mimi nikaacha kushona.

Mama, ni ukweli. Hiyo njia naenda na kurudi kila siku ya kazi. Kama Baba angekuwa na mwanamke Ruiru, vile umesema miaka yote, angetoka kazini kwake Thika, amwone, na arudi kabla ugali haujaiva. Nani humlilia mtu aliye hapo tu? Sisi wa Malava, siku nzima kwa basi kutoka huku, tungejuaje, na watu wa huku wanaimba tu, hawaulizi.

Jumapili nikaenda Githurai 45 kumtafuta Mzee Njoroge, yule aliyekuwa akipiga gitaa na Baba, aliyekuja kwa mazishi yake. Siku hizi anauza viatu vya mitumba. Sikuzunguka. Nikamuuliza, "Mzee, huyo msichana wa Ruiru alikuwa nani?"

"Ngai! Kwani mamako hajui?" Akaacha kupangusa viatu. "Hakukuwa na msichana wa Ruiru. Babako alikuwa amemwoa mamako juzi juzi, na Krismasi ikafika wakamnyima likizo. Akakaa kitandani akaandika. Alikuwa ameandika 'Malava ni mbali'. Mwenye studio akasema, nani hapa atanunua kaseti ya Malava? Weka Ruiru, watu wa Ruiru watanunua. Babako alikataa siku mbili. Mimi ndiye nilimsukuma, nilitaka turekodi. Mwambie mamako lawama ni yangu."

Halafu akauimba, hapo mbele ya wateja, na jina la kwetu ndani. Mama, nililia nikiwa nimeshika kiatu cha mtu.

Nakumbuka Baba akikwambia, "Hiyo Ruiru ni ya biashara tu," nawe ukimjibu kwamba wanaume wote husema hivyo. Maskini, alikuwa anasema kweli. Sikulaumu hata kidogo, ningekuwa wewe singemwamini pia. Ninachosema ni asante. Asante Mungu kwa kunionyesha hili wewe ukiwa bado hai. Ulipendwa, Mama. Ulipendwa sana, na watu wa huku wamekuwa wakioana kwa wimbo wako.

Mwaka huu mimi pia nimenyimwa likizo, kuna mashati mengi ya kumaliza, kwa hivyo siwezi kuja. Na wewe uliapa hutakanyaga Ruiru. Mjukuu wako anakaribia kutembea na hajawahi kukuona. Wekesa akirudi huku Jumamosi, tafadhali panda basi naye.

Nisalimie kaka mkubwa na shemeji, shangazi anayekukamulia ng'ombe, na mama mchungaji aliyeniombea nikiwa na mimba. Mwambie maombi yake yanatambaa na yana meno.

Nitakuwa stendi na mtoto mgongoni. Ile Krismasi Baba alishindwa kukufikia. Hii njoo wewe.

Ni mimi bintiyo anayekungoja,
Nekesa