Koti Alilovaa Dereva

Kwako Dada mpendwa,

Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe na shemeji na watoto, na kwamba lile goti lako limepunguza ukorofi. Mimi sijambo kabisa, tena sijambo kuliko uliponiona mara ya mwisho. Huku kwetu kaskazini baridi imeanza kuuma asubuhi, na ziwa linafuka kama birika, lakini jua likipanda mtu hutoa kiti akaliota nje.

Najua unaisoma umesimama mlangoni, kwa sababu lori limefika limejaa mbao za watu na vitu vyangu havimo. Tafadhali usimgombeze dereva. Mkaribishe, mpe chai, na usimuulize lolote kuhusu alichovaa mpaka umalize kusoma.

Dada, nilikuwa nakuja. Sikukudanganya. Chumba ulichonipakia rangi nilikuwa nimeshakiwaza mpaka nikajua kitanda kitakaa upande gani. Tangu tumzike mume wangu, shemeji yako, umekuwa ukiniambia kwamba mjane kukaa peke yake katika mji unaokufa ni kujizika naye. Mgodi ulipofungwa zamani tulijifariji kwamba kiwanda cha mbao kipo. Kiwanda nacho kilipofunga lango, muda mfupi baada ya mazishi, tulibaki kutazamana.

Unaikumbuka sheria ya mtaa wetu: upepo ukitoka ziwani, anika, ukitoka kiwandani, subiri, maana unga wa mbao hauchagui nguo. Wewe ulipokuja harusini kwangu uliicheka sheria hiyo, ukaanika gauni lako jeupe, ukaja kulianua limekuwa la manjano. Basi kiwanda kilipofungwa tuliacha hata kutazama upepo. Hatujapata kuwa na shuka safi kama kipindi kile, wala sufuria tupu kama kipindi kile.

Siku ya kuhama dereva alifika mapema. Ni mtu mzima, mwembamba, mcheshi, amevaa shati la mikono mifupi kwa kuwa hakuna aliyemwambia habari za baridi ya ziwani. Alipakia vitu huku akinitania. Kabati lilipomshinda mara ya kwanza alisema hajawahi kuona zito namna ile, labda lenyewe halitaki kuhama. Mimi nilikuwa nimeshafua nguo za mwisho, maana sikutaka kuingia nyumbani kwako na uchafu, na nilikuwa nangoja zikauke ndipo tuondoke.

Meza ilipokwisha kufungwa kamba nikasikia kelele uani. Alikuwa Mama Vibanio, yule jirani anayeazima vibanio vya nguo na kusahau kuvirudisha. Alikuwa ananilaumu kwamba hata siku ya kuagana sina haya, nimekung'utia godoro langu juu ya shuka zake. Nikamwambia godoro liko juu ya lori, akitaka akaliulize. Akapitisha kidole kwenye foronya yake akakitazama. Akakinusa. Akakinusa tena. Kisha akavuka ua, akakileta kile kidole mpaka puani kwangu.

Mbao mbichi, Dada. Tuliponyamaza tukausikia na msumeno wenyewe, kwa mbali, ukianza na kukatika kama mtu anayejaribu sauti baada ya mafua.

Wanawake wa mtaa mzima walitoka. Kila mmoja alikwenda kwenye kamba yake, akapitisha kidole, akacheka. Hakuna aliyeanua. Mama Vibanio alijitanda shuka lake lenye vumbi akacheza nalo uani mpaka akapiga chafya. Na Redio, yule mzee ambaye kila wiki alitutangazia kwamba kiwanda kinafunguliwa, tukamwita mwongo mpaka tukachoka, siku hiyo alikuwa amelala. Tulimwamsha sisi. Alitoka na nguo za kulalia, akatuuliza kwa hasira ni nani amefungua kiwanda bila kumwarifu.

Dereva alikuwa ameegemea lori, mikono kwapani kwa baridi. Akaniuliza kama nguo zimekauka, tuondoke. Nikamwomba afungue kamba. Alinitazama, akalitazama kabati, akasema, “Mama, hili lilinionya mapema.” Akaanza kushusha.

Jioni msimamizi wa kiwanda alipita mwenyewe. Walikuwa wamepata magogo, wakajaribu mashine kimyakimya wasije wakaaibika. Amenirudishia dirisha langu la kuuzia chai pale langoni, na wateja wameshaanza. Dereva naye walimpa mbao za kwanza azilete huko kwenu, ndiyo hizo unazoziona.

Sasa nikuambie ambalo sikuweza kulianza. Kwenye kamba, kati ya shuka mbili, lilikuwepo lile koti. Ndiyo, koti la shemeji yako, ambalo ulipotaka kulifua nilikupokonya nikakutolea maneno ambayo mdogo hamwambii dada yake. Siku ya kuhama nililifua kwa mikono yangu. Niligeuza mifuko, na unga wa mbao wa siku zake za mwisho nikaukung'utia kizingitini, pale alipokuwa akijikung'uta kila jioni na bado unga ukaangukia kwenye chai, akasema ndiyo sukari ya kwetu. Nililia hadi maji ya beseni yakapoa. Nikalianika nikijua nimemaliza.

Nilipokwenda kuliangalia, lilikuwa limejaa unga mpya mabegani, kama yeye alipokuwa akirudi kutoka kazini. Nikalitoa kambani. Kisha nikamwona dereva anatetemeka na meza yangu mgongoni.

Uliniambia siku ile kwamba koti lile halinuki mtu, linanuka kiwanda. Nilikasirika kwa sababu ulisema kweli. Leo nafungua dirisha tu, Dada, na yuko nyumba nzima. Koti limemkaa dereva vizuri, limempwaya kidogo mikononi. Mwache nalo, ni lake.

Chumba usikigawe. Nitakuja nikae, niwachoshe, niondoke, kama mgeni mwenye kwao. Wewe nawe uje, na gauni jeupe ukipenda.

Msalimie shemeji, wabusu watoto, na goti likande kwa maji ya moto usiku. Dereva akiondoka mhimize afunge kifungo cha juu, njiani kuna baridi. Hatafunga. Yule mwingine naye hakuwa akikifunga.

Ni mimi mdogo wako,
wa dirisha la chai