Bijou Hakutaka Wimbo Wako

Papa Kalinda,

Nilimupata. Nianze na hilo, sababu njo jambo la mwisho uliloniomba pale kitandani Kibabi, mvua ikipiga mabati na kifua chako kikikoroma hata nikawa nainama ili nisikie. Ulisema, "Bahati, ukifika Kinshasa umutafute mutoto wangu Bijou. Umuambie njia ilifungwa." Halafu ukaniomba nimuimbie ule wimbo uliomutungia.

Nilikaa kwako tangu ujana wangu, unanifundisha gitaa, tunakula sombe katika sahani moja, na sikujua hata siku moja kama ulikuwa na mutoto. Nilijua tu kwamba ulipiga muziki Kinshasa, ukarudi Kibabi kumuzika baba yako, kisha vita ikakata inchi vipande viwili na wewe ukabaki upande huu. Habari ya mutoto ulikufa nayo karibu yote.

Tulikuzika nyuma ya nyumba, penye shamba la maharagi. Korali yote uliyoongoza kanisani ilikuja, hata wale uliowafukuza kwa sababu ya sauti mbaya. Kisha muke wangu Esperance akaniambia niende, nitimize neno lako, nirudi mbele ya mavuno. Neema wetu alikuwa ameanza tu shule. Alinisindikiza mpaka barabarani, uniforme yake ikiwa bado na mikunjo ya dukani. Nilipanda ndege Goma. Wakati ule ndege zilikuwa bado zinaruka.

Papa, Kinshasa uliyonisimulia iko na haiko. Muji umenenepa kama muntu aliyekula peke yake. Kila mahali wanabomoa na kujenga, muchanga barabarani, vyuma vimesimama juu, magari hayasogei. Ile nganda, baa mulikokuwa munapiga muziki kule Matonge, wameiondoa. Pamesimama nyumba ndefu ya vioo, chini wanauza simu. Nilisimama pale nikijaribu kukuona ukiwa kijana, na suruali ile pana ya kwenye picha yako. Mulinzi akaniuliza natafuta nini.

Lakini muziki, hapo haukunidanganya. Kila jioni jua likilegea, watu wanatoa viti vya plastiki, na kila kona unasikia mumoja anajaribu micro ya kuimbia. Mara ya kwanza niliposimama karibu na orkestra yenyewe, na sebene ikaanza, ile sehemu ya magitaa ya kuchezesha watu, gitaa la bas liliniingia tumboni. Niligeuka kando kama muntu mwenye kitu machoni. Nilikuwa nafikiri, huyu muntu alisikia hivi kila siku, kisha akakaa Kibabi kwenye baridi akitufundisha sisi kupiga makofi.

Unakumbuka makofi? Musimu muzima hukuniruhusu kushika gitaa. Tulikuwa tunakaa chini ya paa la kanisa, ukungu umefunika vilima hata ngombe hazionekani, wewe unapiga na mimi napiga makofi. Nikikosa unaacha kupiga, unanitazama tu. Na uliponipa gitaa mwishowe, ukasema, "Mikono yako inakimbia. Inamukimbia nani?" Nilicheka sana siku ile, na wewe pia ukacheka, ukakohoa.

Makofi yale njo yalinipatia kazi. Orkestra moja ndogo ilikuwa imepoteza mupiga gitaa wa pili, nikaingia. Wananiita Muswahili. Wengine kwa upendo, wengine hapana, sababu kuna watu hapa ambao wakisikia tunavyosema wanatuona kama sisi njo tuliileta vita mufukoni. Shefu wetu, kiongozi wa orkestra, ni muntu mwema, ila anataka tucheke tukiwa mbele ya watu. Na muimba-kelele wetu, ule mwenye kuchangamusha wachezaji, kazi yake kubwa siku hizi ni kutaja majina ya matajiri wanaomulipa katikati ya wimbo. Ungekasirika.

Na katika kazi ile njo nilipata njia ya kufika kwa Bijou. Siku moja, tukiwa katika mazoezi, alikuja mupiga ngoma mumoja wa zamani, amekuwa kipofu, anapenda kuja kusikiliza vijana. Nilipomaliza kupiga aliniuliza nani alinifundisha kuchelewa kidogo mbele vidole havijashuka kwenye nyuzi. Nikataja jina lako. Akashika mukono wangu akaupapasa vidole kimoja kimoja. Alisema wewe na yeye mulilala chumba kimoja ujanani. Alisema pia kwamba Thérèse, yule uliyezaa naye Bijou, alikufa zamani, na kwamba mutoto anashona nguo karibu na soko ya kule Lemba.

Sasa nisikilize, sababu hapa njo nimekuwa nachelewa kufika tangu mwanzo wa barua.

Bijou iko na pengo lako katikati ya meno ya mbele. Nilimujua mbele sijamusalimia. Alikuwa anashona, mukubwa wa mwili, mwenye kujiheshimu, nguo za bibi arusi zimetundikwa nyuma yake. Ngambo ya barabara kuna terasi, baa ya nje, inayopiga muziki tangu asubuhi, na yeye amefunga dirisha la upande ule. Nilimuambia kwa Kifaransa changu cha shule kwamba natoka Kibabi, kule Masisi, kwamba nilikuwa mwanafunzi wa baba yake. Aliendelea kukanyaga mashine. Nikasema kwamba umekufa. Akaacha.

Aliniuliza kama ulikuwa na watoto wengine. Nikasema hapana. Akaniuliza nilikaa kwako tangu lini, nikamuambia. Akanitazama mikono, muda murefu, akasema, "Basi wewe njo alikulea."

Alisema hivyo bila hasira, Papa. Ningependa angekasirika.

Nikampa neno lako, kwamba njia ilifungwa. Alilirudia polepole. Kisha akasema, "Ilifungwa, ndiyo. Lakini ndege zilirudi kuruka nikiwa bado na meno ya utoto." Alisema mama yake alikuwa anamuambia kila Noeli kwamba baba atafika mbele ya siku kuu ijayo, na yeye alikuwa anachagua nguo atakayovaa. Alichagua mpaka siku moja akaacha. Hakuniambia siku ile ilikuwaje.

Nikasema umemutungia wimbo, na nimekuja na gitaa. Akasema, "Usiimbe hapa." Akarudi kukanyaga mashine, nikatoka.

Barabarani nilikukasirikia kwa mara ya kwanza katika maisha yangu. Nilikumbuka yule abbé, padri aliyekuja Kibabi akitoka Kinshasa, akala nasi, akakuuliza kama kuna muntu wa kupelekewa salamu. Ukasema utamujibu kesho. Kesho yake ulitoka mapema kwenda shambani, abbé akapanda gari lake. Nilifikiri umesahau. Sasa najua ulienda kujificha katika maharagi. Kwa nini, Papa? Njia ilikuwa wazi. Ulikuwa na mikono, ulikuwa na sauti. Ni haya? Muntu anaweza kuwa na haya mpaka mutoto wake anakuwa muntu mukubwa?

Nilikuwa nakuuliza hivyo nikiwa na tiketi ya kurudi. Ilikuwa rahisi.

Halafu Goma ikaanguka mikononi mwa waasi. Uwanja wa ndege ukafungwa, na barabara hazina muntu wa kuzifungua. Esperance alinipigia siku mbaya kuliko zote, anatembea, nasikia watu wengi wanatembea pamoja naye. Walikuwa wametoka Kibabi na godoro na sufuria, wanashuka upande wa Walikale. Neema alikuwa mugongoni mwa jirani yetu Mama Riziki. Walipita katika pori, wakafika Buleusa kwa mujomba wa Esperance, yule anayelima na kuwinda, ambaye vijana wake wanachimba zahabu kule Omate. Aliwapokea vizuri. Wamelala watu wengi katika nyumba ile, lakini wamelala.

Rezo ya simu kule inapatikana juu ya kilima kimoja tu. Siku ya kwanza Neema aliniambia amepanda kilima kama mbuzi. Aliniuliza, "Papa, unakuja lini?" Nikasema karibuni. Mara ya pili akauliza, nikasema karibuni. Papa Kalinda, unasikia? Ni mimi sasa. Wewe ulikuwa kule na mutoto wako huku, mimi niko huku na mutoto wangu kule, na neno ni lile lile moja.

Mama Riziki alijaribu kurudi Kibabi kutazama mihogo yake, akageuka njiani. Waliotangulia walimuambia kwamba nyumba yako imeungua. Nikamuuliza kwa simu habari ya kaburi. Hakutaka kusema. Nikamukaza. Akasema nyuma ya nyumba wamechimba handaki la vita, refu, linapita katika shamba lote la maharagi. Jioni ile ile nilikuwa na kazi. Nilipanda jukwaani, shefu akanionyesha kwa kidole kwamba nicheke, tajiri mumoja akarushiwa jina lake mara nyingi, watu wakacheza, na mimi nikapiga. Vidole vilijua njia bila mimi. Nilitazama wale watu wote wanaocheza vizuri vile, nikawachukia, na hawakunikosea kitu.

Bijou alisikia mambo ya Goma kwenye redio. Siku moja tukiwa tunafunga vyombo alikuwa amesimama nje ya uzio, hakuingia. Aliniuliza tu, "Na uko na mutoto kule?" Sikumbuki kama nilikuwa nimemuambia. Nikasema ndiyo, anaitwa Neema. Akauliza namuambia nini. Nikasema namuambia nakuja karibuni.

Alishika uzio. Alisema, "Usimuambie vile tena. Hata mara moja. Mupe ukweli, atalia, lakini hatachagua nguo."

Nilifanya alivyosema. Nilipopata rezo nilimuambia Neema kwamba sijui siku, kwamba ndege hazipo, kwamba namupenda na sijui. Nilikuwa nasikia upepo wa kilima kile. Kisha akasema, "Sawa, papa," kwa sauti ya muntu mukubwa, akamurudishia mama yake simu.

Ile njo mara ya mwisho nimesikia sauti yake. Vita imeshuka mpaka Walikale. Watu wanasema Buleusa wametawanyika porini, wengine wanasema wameelekea Omate, wengine wanasema maneno ambayo sitayaandika. Nampigia Esperance, simu haipatikani. Natuma sauti yangu kwa WhatsApp, naona ile alama moja tu ya ujumbe usiofika inabaki pale, haiongezeki ya pili. Nimezungumza na kila muntu wa kwetu aliyeko hapa. Hakuna anayejua. Usiku sisikii tena muziki wa jirani, na unapigwa mpaka asubuhi.

Sijui nakuandikia nini, wewe ambaye hata kaburi huna tena. Nilitaka kukuletea habari kwamba nimemaliza kazi uliyonituma. Sikuimaliza. Wimbo wako Bijou hajausikia, na sitamulazimisha.

Jumapili iliyopita, baada ya misa, nilienda kwake Lemba. Sasa naenda, ananipa chakula, hatusemi sana. Nilikuwa namutumia Neema sauti kama kawaida, namuambia nimekula nini, mvua imenyesha, gari limezama katika matope mbele ya kanisa. Bijou alikuwa anakata kitambaa. Akaweka mukasi chini. Akaniuliza kwa Kiswahili munasemaje dada ya baba. Nikamuambia, shangazi. Alijaribu mara kadhaa, ulimi ukikataa. Kisha akachukua simu mukononi mwangu, akaishika karibu na mudomo kama micro, akasema, "Neema, ni mimi. Shangazi Bijou." Akanirudishia, akachukua mukasi wake.

Sauti ile iko na alama moja mpaka leo.

Lala, Papa Kalinda, popote walipokuweka. Leo sikuahidi kwamba nitafika kwa Esperance na Neema, sababu siwezi, na neno la uongo nimekatazwa. Nakuahidi kitu kimoja: sitanyamaza kama wewe. Nikipata njia nitapita, na nisipopata, nitamuambia Neema kila Jumapili kwamba sijaipata, hata kama simu yake iko chini ya majani pale porini na hakuna muntu wa kuiokota.

Kwa heri, mwalimu wangu.

Bahati