Kope, Uso na Shingo kwa Mara Moja

Jumatano, mwezi wa kumi. Mvua imepiga tangu alfajiri, halafu ikaacha ghafla, na sasa jua linawaka juu ya matope kana kwamba hakuna kilichotokea. Umeme umekatika tena. Simu bado ina nguvu kidogo, kwa hiyo naandika haraka.

Nyumba ni kimya. Asubuhi nimemsindikiza Mama Mwavita mpaka mtoni, amevuka kurudi kwake Lubunga. Nitafika huko. Kwanza niseme kwa nini nimenyamaza hapa kwa miezi mingi.

Nilifanyiwa upasuaji wa uso.

Haikuwa ajali, wala ugonjwa. Nilitaka mwenyewe.

Mnaonisoma mnajua kazi yangu: napamba maarusi hapa Kisangani. Miaka yote hii nimesimama nyuma ya wasichana mbele ya kioo, uso wao mbele, wangu nyuma yao. Nilipokuwa namuuguza marehemu mume wangu sikujiangalia. Alipokufa, nikajiangalia. Kope zilikuwa zimeangukia macho, mashavu yameshuka, na shingo imekuwa ya mtu mwingine.

Kisha siku moja shangazi wa bi arusi akaingia chumbani nilipokuwa nafanya kazi, akanisalimia kwa heshima kubwa, akauliza kama mimi ndiye bibi mzaa mama wa binti. Nina miaka hamsini na mbili. Yeye mwenyewe alikuwa amenizidi umri, ilionekana wazi. Wote walicheka, nami nikacheka nao. Nikamaliza kumpaka yule binti wanja, nikarudi nyumbani kwa miguu ili nisipande toleka, baiskeli ya abiria, na kuongeleshwa na mwendeshaji.

Mwanangu Issa anaishi Lubumbashi. Zamani alikuwa akinipigia simu ya video kila Ijumaa, na kila Ijumaa aliniambia, "Mama, unaonekana umechoka." Nilikuwa sijachoka. Nilikuwa nimelala vizuri. Baadaye akaanza kupiga bila video. Alisema ni réseau, mtandao mbaya.

Ndipo nikaanza kutafuta kwenye simu. Picha za kabla na baada, wanawake wa umri wangu wenye shingo laini. Nikampata bwana mmoja wa nchi jirani mwenye klinik, au mwenye kusema ana klinik. Alinijibu upesi, kwa sauti tamu. Kope, uso, shingo na pua, vyote vinne siku moja. Asubuhi unaingia, jioni uko hotelini, ukirudi kwenu hawatakujua. Hakuniuliza nameza dawa gani wala nani atakuja nami. Aliomba picha tu, upande wa kulia na upande wa kushoto.

Nilimpenda kwa hilo. Mtu asiyekuuliza kitu ni mapumziko makubwa, ukiwa na maisha kama yangu.

Lakini mteja wangu mmoja, muuguzi, aliponisikia nikiuliza-uliza, alinitajia daktari mpasuaji wa Kinshasa. Nikapanda ndege. Daktari ni mama wa makamo, mtu wa Bukavu, kwa hiyo tuliongea Kiswahili. Alinishika kidevu akageuza uso wangu taratibu kwenye mwanga. Alipima tension, yaani presha ya damu, akapima tena. Akaniuliza dawa. Nikasema nameza ya tension ninapokumbuka, na aspirine karibu kila siku kwa ajili ya kichwa.

"Nani alikuandikia hiyo aspirine?"

"Hakuna. Nanunua tu."

Aliandika kitu. Nikamwuliza lile nililokuja kuuliza: vyote vinne kwa siku moja, inawezekana? Nilitegemea anikaripie. Hakunikaripia.

"Kuunganisha si wazimu," alisema. "Tunafanya mara nyingi. Unalazwa usingizi wa dawa mara moja, unavimba mara moja, unapona mara moja. Lakini kila kitu unachoongeza kinarefusha masaa mezani. Ukilala muda mrefu bila kujigeuza, damu inaweza kuganda miguuni, ikapanda mpaka kwenye mapafu. Na mwenye tension anavuja damu kirahisi chini ya ngozi. Tension yako ikitulia, kope, uso na shingo nitafanya pamoja. Pua, siku ingine."

"Kwa nini pua iachwe?"

"Nikiziba pua, na shingo ikivimba siku hiyohiyo, utapumua wapi, mama?"

Hayo yote niliyabeba. Hata neno la mapafu nililibeba. Akafunga kalamu, akauliza kama mtu anayeuliza saa:

"Na nani atakaa karibu na wewe?"

Nikaanza kufunga zipu ya mkoba wangu.

"Bila mtu wa kukaa na wewe siku za mwanzo, mimi sipasui," alisema. "Wauguzi wapo, lakini wanazunguka. Nataka mtu ambaye haangalii mgonjwa mwingine."

Nikasema nitaona. Nikatoka, nikakaa kwenye benchi la uani, nikafungua majina ya simu. Maarusi. Wauza vitambaa. Wenye kukodisha viti. Watu waliokuja msibani. Majina mengi sana, na kila moja nilipolifikia niliona aibu kabla sijabonyeza. Mama yangu hakuzaa mtoto mwingine. Nikampigia Issa. Alisikiliza mpaka mwisho, kwa hilo namsifu. Kisha akasema, "Mama, umri huo uso wa nini? Watu watasema nini?" Na kazi haimruhusu kusafiri. Na réseau ikaanza kukatika.

Pale pale nikamwandikia yule bwana wa nchi jirani: Nakuja. Kabla ya kutuma nikakumbuka sijameza dawa yangu ya tension. Nikaitoa, nikaimeza na maji. Nikatazama kile kipakiti mkononi. Nikajiona nimelala kwenye meza yake, na hakuna hata mtu mmoja mule ndani anayejua kwamba nakunywa dawa hii.

Nikafuta.

Nikarudi nyumbani. Nikaacha aspirine kama daktari alivyosema, nikameza dawa kila asubuhi, nikapunguza chumvi. Tension ikashuka. Mtu wa kukaa nami bado hakuwepo.

Mama Mwavita ni mke mkubwa wa marehemu mume wangu. Mimi nilikuja wa pili, nikiwa kijana. Hatukuwahi kugombana kwa sauti. Tulisalimiana, tuliulizana habari za watoto, kila mmoja akabaki kwenye nyumba yake, yeye ng'ambo, mimi huku. Baada ya hitima ya marehemu hatukuwa na sababu ya kuonana. Sijui hata leo kwa nini miguu yangu ilinipeleka kwake. Labda kwa kuwa yeye peke yake hakuwa na kitu cha kugundua juu yangu.

Nilimkuta uani anafunga kwanga, mikate ya muhogo, kwenye majani.

"Uko mugonjwa?" aliuliza kabla sijaketi.

"Hapana, yaya," nilisema, kama mke mdogo anavyomwita mkubwa, dada.

"Basi juu ya nini umekonda hivi?"

Nikamwambia yote. Alifunga kwanga mbili, tatu, bila kuinua macho.

"Banakukata wapi?"

Nikamwonyesha kwa kidole: kwenye kope, mbele ya sikio, nyuma yake, chini ya kidevu.

"Na ni weye mwenyewe unataka? Hakuna mwanaume nyuma ya hii maneno?"

"Hakuna, yaya. Hakuna mutu."

"Hakuna mutu," alirudia, kama anayeonja chumvi. Akanawa mikono kwenye beseni, akajifuta kwenye kitenge. "Bon. Mimi naogopa ndege. Utanishika mukono."

Nilimshika mkono mpaka Kinshasa. Alifumba macho njia nzima, akisoma dua kwa midomo tu.

Asubuhi ya upasuaji daktari wa usingizi alikuja kuniuliza mambo mengi kuliko polisi. Walinifunga kwenye miguu kitu kinachojaa upepo na kukamua, ili damu isilale. Kisha sikumbuki. Nilipoamka kichwa kilikuwa kizito, kimefungwa bendeji, macho yanaona ukungu, na kwenye ukungu huo nikaona kitenge cha Mama Mwavita.

Alasiri, upande wa kushoto ulianza kubana. Kwanza kidogo. Kisha kama mtu ameweka jiwe chini ya ngozi na analisukuma. Muuguzi alikuwa amepita muda si mrefu, akasema kila kitu kiko sawa. Nikanyamaza. Niliona nimejitakia mwenyewe, sina haki ya kulalamika. Nikasema moyoni, ndiyo bei ya ujinga wako, vumilia.

Mama Mwavita alikuwa ananitazama. Akasogeza kiti. Akainama mpaka pumzi yake ikanigusa, akatazama shavu hili, akatazama lile. Hakuniuliza. Alitoka mlangoni, na sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake kwa miaka yote ile ikajaza ukumbi mzima:

"Docteur! Kuya! Upande moja inavimba! Inavimba, nawaambia!"

Daktari alifika mbio, bado amevaa kofia ya chumba cha upasuaji. Aligusa shingo yangu mara moja tu, wakanirudisha ndani.

Damu ilikuwa imejikusanya chini ya ngozi. Waliitoa, wakafunga tena. Kesho yake daktari alikaa kando ya kitanda akanieleza bila kuficha. Hili linaweza kutokea hata kwa mpasuaji makini. Likionekana mapema ni kazi ndogo. Likichelewa, ngozi inaweza kufa, na kwenye shingo linaweza kuziba pumzi. Nikafikiria chumba cha hoteli cha yule bwana, pazia limefungwa, mlango umefungwa, pua imezibwa. Sikulia, maana kope zilikuwa na nyuzi.

Alipotoka, Mama Mwavita aliniuliza, "Ulikuwa unasikia maumivu?"

"Ndiyo, yaya."

"Mbona hukusema?"

"Niliona haya."

"Tuliosha maiti ya bwana pamoja, weye na mimi. Haya gani tena?"

Tuliporudi Kisangani alikuja kukaa kwangu, bila kuulizwa. Alinikanda kwa vitambaa vya maji baridi. Uso wangu ulikuwa mweusi, kisha kijani, kisha njano kama papai. Waliobisha hodi aliwaambia nina malaria, akafunga mlango. Alilala kwenye mkeka chumbani mwangu. Hatukuongea sana. Nilikuwa nikiamka nasikia anapumua, basi narudi kulala.

Siandiki haya ili kumfundisha mtu. Lakini wapo watakaoniandikia kwa siri, najua, kwa kuwa mimi pia niliandika kwa siri. Kufanya vitu viwili vitatu mara moja, kwa mtu mwenye afya na daktari anayejua wapi pa kusimama, si lazima iwe hatari. Mimi namwogopa anayekuahidi vyote bila kukuuliza kitu.

Issa bado hajaniona. Anaona ninaandika vizuri kwenye simu, anasema alhamdulillah.

Uso ni mzuri. Niseme ukweli, ni mzuri. Kovu limejificha nyuma ya sikio, macho yamefunguka. Nimejitazama leo kwenye kioo cha kazi, peke yangu, kiti cha bi arusi kitupu mbele yangu. Nilingoja nifurahi zaidi kuliko nilivyofurahi.

Asubuhi, pale mtoni, nilimwomba Mama Mwavita abaki wiki moja tena. Akasema wajukuu wamebaki peke yao na nyumba, watavunja kila kitu. Kisha akanishika kidevu, kama daktari, akanigeuza kwenye mwanga. Alinitazama sana.

"Sasa unafanana na ule mwanamuke bwana alileta," alisema.

Akapanda pirogi, mtumbwi wa kuvukia. Hakugeuka.

Nimesimama pale mpaka matope yameingia kwenye viatu. Sikujua kama amenisifu au amenionyesha kidonda chake. Labda yeye pia hakujua. Miaka ile nilipoletwa nyumbani kwa bwana, nikiwa na uso huu, yeye alikuwa mlangoni amesimama na maji ya kuninawisha. Sijawahi kufikiria alijisikiaje mpaka leo, njiani, nikirudi peke yangu.

Nimepika pondu, majani ya muhogo, na samaki. Bila kufikiri nimepika ya watu wawili. Nimekula sehemu yangu nimesimama, na nyingine iko jikoni, imefunikwa.

Kesho nitaipasha moto niile mwenyewe, au nitavuka nayo. Sijaamua. Kuvuka si kazi. Ila nikifika mlangoni kwake, na akauliza kutoka ndani ni nani, nitajibu mimi ni nani? Bwana hayupo. Mimi na yeye sasa tunaitana nani?