Blanketi la Kambini

Ilomba, Mbeya

Marahaba, Tusekile mjukuu wangu. Huku ng'ombe amezaa salama na babu yako ameacha kukohoa, tumepumua.

Unauliza kama wenzako huko Iringa watakucheka ukienda kambini na blanketi badala ya mfuko wa kulalia. Mimi nilipokwenda kambi ya vijana wa kanisa, blanketi la mama nililificha chini kabisa ya kiroba, maana lilinuka moshi wa jikoni. Baridi ya mlimani ilipozidi, nikalitoa. Asubuhi tuliamka wasichana wanne chini yake, na yule aliyekicheka kiroba changu njiani ndiye aliyelivutia kwake zaidi.

Blanketi lenyewe nimelituma kwa basi la leo. Nimelifua vizuri, lakini moshi wa mama bado umo.

Bibi yako