Waya Uliobanwa Mlangoni kwa Baba

Mama, shikamoo. Chai iko kwenye chupa.

Kompyuta mpya sasa ina intaneti. Asubuhi taa ya pale waya unapochomekwa haikuwaka kabisa. Nikaufuata waya mpaka mlangoni kwa Baba, maana kisanduku cha intaneti kimo chumbani humo. Kumbe umekatika, mlango umeubana. Wewe unaufunga mlango huo kwa kishindo tangu tumzike.

Najua ulisema, “Humo haingii mtu.” Nimeingia, Mama. Nimechomeka waya mpya, taa ikawaka, kisha nikakaa kitandani kwake nikalia mpaka nimechelewa kazini.

~~Jioni nitautoa waya, ufunge.~~ Hapana. Ukifunga, waya utakatika tena. Tuuache mlango wazi, tafadhali. Na mimi namkumbuka.

Kitindamimba wako