Safari Hii Mlete Mutua Kama Alivyo

Mpendwa Mama Mutua,

Nakuandikia kwa sababu simu imetushinda. Kila tukipigiana tunaanza vizuri, unaniambia kama mvua imenyesha huko Kitui, nakuambia kama godauni kuna kazi, halafu tukifika kwenye habari ya Mutua mmoja wetu anapandisha sauti na mwingine anakata. Juzi uliyekata ni wewe. Basi wacha niseme yote kwa kalamu, mahali ambapo huwezi kunikata. Dada yako akitaka kuisoma, asome. Na kama kuna jirani huko ana mtoto kama wetu, msomee na yeye. Sina siri humu.

Unakumbuka ulivyomfundisha shikamoo? Tulikuwa wageni hapa kwenye ploti ya Changamwe, na wewe ulikuwa unaona aibu. Watoto wa hapa, hata wale wa kushikwa mkono, wakipita mbele ya mtu mzima wanatoa shikamoo. Wetu alikuwa anapita akiangalia ukuta. Ukasema, "Watadhani watu wa bara hatujui kulea." Ukaanza. Ukimwosha, shikamoo. Ukimlisha uji, shikamoo. Nikitoka kazini nawakuta mlangoni, umemshika kidevu, unalirudia neno moja kama mtu anayesukuma gari lililokwama. Nilikuambia umwache mtoto. Hukunisikia, na ulifanya vizuri.

Halafu jioni moja nikaingia na vumbi la ngano mpaka kwenye kope. Mutua akaja akaninusa tumboni, kama kawaida yake, akasema, "Shikamoo mimi naitwa Mutua," yote kwa pumzi moja, kama wimbo. Ulikaa chini ukacheka mpaka ukalia. Tangu tuje Mombasa sikumbuki jioni nyingine uliyofurahi vile.

Ndiyo maana siku ya kumpeleka kupimwa, ili aandikiwe shule inayomfaa, tulijiona tuko tayari. Ulimvalisha shati jipya, ukampaka mafuta mpaka akang'aa. Mimi nikaazima koti la Kioko wa kule godauni. Mutua alipoliona lile koti alikataa kunishika mkono, njia nzima akakushika wewe tu. Nilidhani ni ukaidi. Kwenye foleni ulikuwa unamrudishia masomo: "Pua iko wapi? Sikio liko wapi?" Na mimi nilikuwa na biskuti mfukoni, nikimwonyesha kidogo kidogo ili asilale.

Yule madamu wa kupima alipoinua uso tu, Mutua akamwaga yote. Shikamoo mimi naitwa Mutua. Akashika pua. Akashika sikio. Madamu akatabasamu, akauliza nyumbani kuna shida gani. Nilifungua mdomo, ukanikanyaga mguu. Ukasema, "Hana shida sana, madamu. Ni mpole." Na mimi nikasema, "Ni mpole." Hatukusema kwamba akisikia honi ya lori anagonga kichwa ukutani. Hatukusema kwamba hajui kuomba maji, ni sisi tunaokisia. Alipoanza kulia ulimbeba ukatoka naye nje, ukamrudisha ametulia, na madamu akaandika aende shule ya kawaida iliyo karibu na nyumbani.

Tulifurahi, Mama Mutua. Hilo ndilo linaloniuma. Tulisimama njiani tukanywa soda.

Ya shule unayajua kuliko mimi, maana uliyekuwa unaitwa ni wewe. Darasa limejaa mpaka dirishani, mwalimu mmoja. Simlaumu yule mwalimu, hata mimi ningekimbia. Kengele ikilia, Mutua chini ya meza. Mwisho wakawa wanamkalisha nje karibu na tangi, kwa sababu maji yakidondoka ananyamaza. Unampeleka asubuhi, kabla hujafua hata nguo moja unaitwa ukamchukue. Mpaka siku ile mwalimu mkuu alipokuambia, "Mama, huyu mtoto wenu anajua shikamoo tu." Ulirudi nyumbani ukafunga mizigo. Sikukuzuia. Nilikuwa nimechoka na mimi. Nilikuwa nimezunguka ofisi, huyu ananituma kwa yule, yule anataka karatasi kutoka kwa huyu, na kila nikizunguka nimepoteza kibarua cha siku hiyo. Hakuna hata mmoja aliyetuambia mapema pale wanapima nini na wanataka kuona nini. Wanajua wao, na wanakaa nalo. Mimi niliishia darasa la saba, lakini nikiambiwa kitu nasikia.

Aliyeniambia ni Bi Mwanasha, huyu anayeuza mahamri getini. Aliniuliza mbona asubuhi hamsikii tena Mutua. Nikamweleza siku ile ya kupimwa yote, na koti. Alicheka mpaka mahamri yakaungua.

"Shati jipya? Na koti? Kwani baba, mwaenda kupima mtoto ama mwaenda kuposa?"

Nilikasirika. Nikamuuliza kama alitaka tumpeleke mchafu.

"Si uchafu, baba. Wale wataka kuona vile anavyoshindwa. Nyinyi mmewaonyesha vile anavyoweza, basi wamewaamini. Mie mjukuu wangu Salimu alilia pale mezani, akamwaga chai ya yule madamu kwenye karatasi zake, nami nimeketi namtazama."

"Ukanyamaza tu?"

"Nilinyamaza. Nililia njiani, narudi."

Salimu naye hasemi, unamkumbuka. Sasa yuko kwenye shule moja upande wa Port Reitz, darasa la watoto wachache, na mwalimu aliyesomea watoto kama hawa. Bi Mwanasha anasema siku hizi Salimu akiwa na kiu anaonyesha picha ya kikombe. Picha tu, anashika kwa kidole. Nilipolisikia hilo nilishindwa kumaliza chai.

Mtoto mmoja wa darasa hilo amehama. Ndiyo nafasi niliyokuwa najaribu kukuambia kabla hujakata simu. Lakini hawampokei Mutua mpaka apimwe upya. Nilirudi kwa yule madamu peke yangu, nikamweleza honi, kiu, kila kitu. Alinisikiliza. Kisha akasema, "Mimi nampima mtoto, baba, siwezi kukupima wewe. Mlete." Akasema wazazi wengi humfanyia tulivyomfanyia sisi. Nikamuuliza mbona basi hawatuambii. Akasema, "Kwani mliuliza?" Nikaondoka kabla sijasema neno baya. Shule zikifunguliwa kama hatujaja, nafasi inapewa mwingine.

Na wewe kwenye simu uliniambia, "Sitampeleka mwanangu akaonekane punguani mbele ya watu, baada ya kazi yote ile." Nimelibeba hilo neno pamoja na magunia. Ni kweli ilikuwa kazi. Ni wewe peke yako uliyewahi kumfundisha Mutua kitu kikashika. Sikuambii umsahaulishe. Akitaka kusalimu, asalimu, wajue ana mama. Lakini baada ya hapo tumwache. Akilia, usimtoe nje. Akiingia chini ya meza, tusimvute. Ukiulizwa shida, zitaje zote, na nikifungua mdomo usinikanyage. Biskuti sitabeba. Najua utaumia, na pale sina la kukufanyia ila kukaa karibu nawe.

Mama yako anasema huko Mutua ana raha, anakimbia na mbuzi na hakuna malori. Najua. Hata mimi ningependa kukimbia na mbuzi. Lakini atakuwa mtu mzima, na sisi hatutakuwepo siku zote kukisia kama ana kiu.

Siwezi kukuahidi kwamba watatupokea vizuri. Huenda tukafika wakatuambia njooni kesho. Nimechoka na hizo kesho zao, nimechoka kula peke yangu, nimechoka kugombana na wewe kwa simu kuhusu mtoto ambaye hata hajui tunamgombania. Ila nikiwa na wewe pale kwenye foleni nitavumilia. Peke yangu nimeshindwa, nimejaribu.

Mlete na ile fulana yake ya kijani iliyotoboka begani, anayoipenda. Usinunue shati. Nitawasubiri hapa Changamwe basi linaposhusha watu. Nitatoka godauni moja kwa moja na ovaroli yangu, sitaoga, na sitaazima koti la mtu. Nataka akishuka aje aninuse, anijue.

Nawangoja.

Mume wako,
Baba Mutua