Kikapu cha Kahawa cha Ma Anatolia

Jumatatu, 5 Agosti 1974
Koku hakulala – meno yanamwota. Nimefika mafunzoni macho mekundu, mtoto mgongoni. Tunafundishwa kusuka vikapu kwenye banda la ushirika hapa Kimwani. Mwalimu kaletwa na masista: Ma Anatolia. Aliugua ukoma zamani, akapona, vidole havikurudi. Mkono wa kulia una gumba na nusu ya kidole cha shahada. Wa kushoto, visiki tu.

Ephrasia, mwanafunzi mwenzangu aliyekaa ubavuni, akaninong'oneza, huyu atatufundisha kuhesabu mpaka mbili. Nilicheka.

Kisha akaanza. Majani kayabana kwa meno, ukindu kaupitisha kwa sindano ya magunia, kakaza kwa gumba. Kikapu kikawa kinazunguka mapajani kama kinajishona chenyewe. Hakuna aliyecheka tena.

Jumatano, 14 Agosti
Leo Ma Anatolia kamimina maji ndani ya kikapu chake. Nikaweka kiganja chini. Pakavu! Majani na ukindu, basi – na maji yametulia humo kama kwenye bakuli. Mpaka sasa naangalia kiganja changu.

Kikapu changu kakifumua chote. Nikamwambia, Ma, mtoto hanipi usingizi. Akasema anajua, pole, fumua na huu mstari pia. Wanunuzi wa Ulaya wanalipa bei ya haki kwa kazi, si kwa huruma. "Georgina, nikitaka huruma ninayo ya kutosha nyumbani."

Ijumaa, 23 Agosti
Maneno yamefika kwa Ta Karugendo, mwenyekiti wa ushirika. Eti ugonjwa unakwenda na ukindu. Eti vikapu vyetu vitarudishwa. Jumatatu kamati inakaa: Ma Anatolia abaki, au arudi Kashozi kwa masista. Hata kifuniko hatujajifunza.

Mama mkwe kaniambia nisimpeleke mtoto kule. Baba Koku yuko kisiwani Goziba kwa samaki, wa kunisemea hayupo. Nikaenda kumwuliza nesi. Kasema Ma Anatolia alipona miaka mingi iliyopita, haambukizi. Nikarudi nikamwambia mama mkwe, kwa heshima: Koku anakwenda na mimi.

Jumatatu, 26 Agosti
Naandika nje ya banda. Mlango umefungwa.

Kamati ilipokaa, sisi wanafunzi tukiwa humo humo, Ma Anatolia kaingia na kikapu chake kidogo chenye kifuniko, ndani amwani, kahawa yetu ya kutafuna. Kama mwenye nyumba yeyote anayepokea wageni. Akatafuna yeye kwanza, inavyopasa, kisha akawanyooshea kamati kikapu.

Mkono haukutoka hata mmoja. Kukataa amwani ya mtu mbele yake! Mzee Mwijage wa kamati kakohoa. Ephrasia anatazama miguu yake. Na yule mama kasimama tu, kikapu kimetulia juu ya visiki, hakitikisiki.

Nilikuwa namnyonyesha Koku. Nikainuka naye hivyo hivyo, nikachukua punje, nikatafuna. Chungu, na harufu nzuri ya majani. Nikakipokea kikapu, nikapiga magoti mbele ya mwenyekiti. Karibu, Ta.

Kaniangalia sana. "Na huyo mtoto ananyonya?"

"Ananyonya, Ta. Kila siku, hapa hapa."

Kachukua punje moja. Hakuitia mdomoni. Kaiweka kwenye mfuko wa shati, akasema wanawake tutoke, kamati izungumze.

Koku kalala pajani. Ma Anatolia yuko hapa ubavuni, kaanza kitako cha kikapu kipya kama hakuna kilichotokea. Gumba na nusu kidole – siwezi kuacha kutazama. Ephrasia kaja bila kuitwa, kakaa karibu yake, anamchania ukindu. Kasema, "Ma, basi tuonyeshe hicho kifuniko kabla hawajatoka." Ma Anatolia kamwambia anyamaze, achane wembamba zaidi.

Dirishani namwona Ta Karugendo. Mzee Mwijage ndiye anayesema, anasema kwa mikono yote miwili. Vidole vya Ta Karugendo vimeingia kwenye mfuko wa shati, vimetoka. Bado Mwijage anasema.

Taya la Ta Karugendo linakwenda, polepole.